Mpaka wa Kipande cha Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cheupe na chupa ya spiriti, nikaambiwa nifute meza. Nilidhani ni dharau. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha uchoraji ramani, nimevaa sketi mpya, na mtu ananituma kufuta meza kama mhudumu wa hoteli. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba meza ile ndiyo iliyokuwa mashine yenyewe. Ndani yake mlipita nyaya nyembamba. Juu yake ulitandaza ramani ya karatasi, ukaibana kwa utepe wa gundi, kisha ukafuata kila mstari kwa kitu mfano wa kipanya cha kompyuta, chenye kijidirisha cha kioo na alama ya msalaba katikati. Bonyeza, sogeza. Bonyeza, sogeza. Kila ulipobonyeza, nukta moja iliingia kwenye kompyuta. Meza ikiwa na vumbi au jasho la mkono, karatasi iliteleza kidogo, na msitu wako ukahama bila wewe kujua.

Mmeniuliza mara nyingi, ninyi mliobaki ofisini, kwa nini nilikuwa nakagua ramani zenu kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Sasa nimestaafu, na nina nafasi ya kujibu. Nguvu ya kuandika yote sina. Nitaandika ya miaka ya tisini hapa Kakamega, na hasa ya kipande kimoja cha msitu.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa mji. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Shieywe, nikitembea kwenda na kurudi. Mradi ulitaka kujua jambo moja: msitu huu uliokuwa mmoja umekatika vipande vingapi, na kila kipande kinapungua namna gani. Mkubwa wetu tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu. Alikuwa mtaalamu wa mimea, mpole, na chakula cha mchana alikula akiwa amesimama kama anayengojewa mahali. Siku ya kwanza alinieleza kazi yote kwa chapati. Aliikata mara mbili, akazitenganisha robo zake kwenye sahani.

"Chapati ni ileile," alisema. "Hakuna iliyopungua. Lakini hebu angalia kingo."

Niliangalia. Kingo zilikuwa zimeongezeka pande zote.

"Jua, upepo, ng'ombe, panga, vyote huingilia ukingoni. Msitu ukikatwa vipande, karibu wote unakuwa ukingo. Kazi yako ni kunipimia kingo." Kisha akala kielelezo.

Basi tukapima kingo. Tulikuwa na picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ambazo uliziweka mbilimbili chini ya miwani maalumu mpaka miti ikainuka kutoka kwenye karatasi kama imeota palepale. Tulikuwa na ramani za karatasi zilizochorwa kabla sijazaliwa. Na tulikuwa na picha ya setilaiti, ambayo kila mgeni aliyeingia ofisini alioneshwa kwanza. Stima ilipotea ilivyotaka. Nimewahi kufuata ukingo wa msitu asubuhi nzima, mkono umekufa ganzi, kisha taa ikapepesa mara moja na kila kitu kikafutika. Unajifunza kuhifadhi kazi kila baada ya kona. Unajifunza pia kutolia mbele ya watu.

Kilichoniokoa kwenye kazi ile ni Mzee Ingosi. Alikuwa amestaafu kulinda msitu, na mradi ulimchukua atuongoze njia. Mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja la mvua ambalo alilivaa hata jua likiwaka, kwa sababu, alisema, msitu hautoi taarifa. Alinifundisha kutembea mpaka. Mimi nilidhani mpaka ni mstari. Yeye alinionyesha kwamba mpaka ni vitu: mtaro uliochimbwa zamani na kufukiwa nusu, safu ya miti iliyopandwa kwa kamba, nguzo fupi ya saruji iliyomezwa na magugu.

"Usiangalie mbele, mukhana wanje," aliniambia, yaani binti yangu. "Angalia chini. Watu wanasongezanga ua. Lakini mtaro hakuna mtu anasongeza."

Kifaa cha kupimia mahali kwa setilaiti kilikuwa kikubwa kama tofali na kilikula betri kama mtoto anayekula njugu. Chini ya miti hakikuona kitu. Ulilazimika kutafuta uwazi, usimame, ungoje, uandike namba, ungoje tena, uandike tena, halafu utafute wastani, maana siku zile namba ziliyumba hata ukisimama kama nguzo. Leo simu zenu zinawaambia mlipo kabla hamjauliza. Siwaonei wivu. Ila ningependa mara moja moja muuulize mfuko wenu una hakika kiasi gani.

Sasa niseme habari ya Kipande cha Saba.

Vipande tulivipa namba. Cha Saba kilikuwa kaskazini, upande wa Malava, kidogo, kimezungukwa na miwa na mahindi. Ili kuihamisha ramani ya karatasi iingie kwenye kompyuta mahali pake, unahitaji alama zinazoonekana kwenye karatasi na zilizopo ardhini: njia panda, daraja, shule, kanisa. Unakwenda pale, unachukua vipimo, kisha unaishikiza karatasi kwa alama hizo kama unavyobana nguo kwenye kamba. Kwa Cha Saba nilichagua njia panda mbili, daraja na kanisa. Njia panda na daraja tulivimaliza mapema. Kanisani tulifika mvua ikianza. Nilisimama mbele ya mlango na tofali langu mkononi, maji yakiingia kwenye kola.

"Madam," Mzee Ingosi alisema, "hii kanisa ilikuwanga ng'ambo ya barabara."

"Sawa, Mzee," nilijibu. Nilisikia. Niliyaandika maneno yake hata kwenye daftari, kwa penseli. Lakini nilikuwa nimechoka, nimelowa, na nilidhani anazungumzia uwanja au darasa la Jumapili. Nikachukua namba za mlango ule, tukaondoka.

Ofisini kompyuta ilinipa kiwango cha kosa, na kosa lilikuwa kubwa kupita ruhusa. Alama moja kati ya nne haikupatana na wenzake. Nilitazama, nikaamua daraja ndilo lenye tatizo, kwa kuwa pale daraja nilikuwa nimekaa muda mfupi zaidi. Nikaliondoa. Kosa likawa sifuri.

Someni hapo tena. Nilibaki na alama tatu, na kosa likawa sifuri. Kwa alama tatu, hakuna ya nne ya kuzipinga, kompyuta itakupa sifuri daima, hata ukiishikiza ramani juu ya ziwa. Nilifundishwa hivyo chuoni na nikafaulu mtihani wa hilo. Lakini sifuri ile ilipokaa kwenye kioo, nilifurahi, nikaenda kunywa chai.

Ripoti ilitoka miezi michache baadaye. Kwenye ramani yangu, mpaka wa kale wa Cha Saba ulipita kusini zaidi kuliko miti iliyokuwepo. Kati ya mpaka na miti kulikuwa na utepe wa mashamba na nyumba, nami niliupaka rangi nyekundu, na chini yake nikaandika neno "uvamizi". Ilikuwa ramani nzuri. Daktari aliibandika ukutani. Nakala zilikwenda kwa wafadhili, kwa vyuo, na kwa ofisi moja yenye mamlaka juu ya ardhi ambayo sitaitaja. Sikufikiri kwamba mtu yeyote wa ofisi hiyo angeisoma. Ripoti zetu nyingi hazikusomwa.

Hii ilisomwa.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia ofisini. Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisa kichwani na viatu vya plastiki vyenye matope mekundu, ambavyo alivivua mlangoni ingawa sakafu yetu haikustahili heshima hiyo. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Mulembe," alisalimu.

"Mulembe, mama. Karibu."

"Ni nani hapa alichora laini?"

Daktari alikuwa Nairobi. Mzee Ingosi alikuwa nje akisuguliwa buti na fundi. Nilisema, "Ni mimi."

"Nilifikiri ni mwanaume," alisema. Kisha akakaa. "Mimi ni Mama Nafula. Nimeishi hapo tangu niolewe. Bwana yangu alijenga hiyo nyumba, na amezikwa hapo nyuma yake. Sasa barua inasema tuko ndani ya msitu ya serikali, na tutoke kwa siku thelathini. Nataka unionyeshe nyumba yangu kwa hii karatasi yako."

Nilimpeleka ukutani. Nilimwonyesha mto, barabara, utepe mwekundu. Hakuwa mtu wa kusoma sana, lakini ramani aliielewa haraka kuliko wageni wengi waliotutembelea. Alifuata barabara kwa kidole mpaka akafika kwenye msalaba mdogo.

"Hii ni nini?"

"Kanisa."

"Kanisa iko upande huu ya barabara?"

"Ndiyo, mama. Nilisimama mlangoni mwenyewe."

"Ulisimama kwa mlango ya mpya," alisema. "Hii umeonyesha hapa ni ya zamani. Hiyo ilibebwa na upepo. Tukajenga ingine ng'ambo, mbali na msitu, kwa shamba ya mwalimu. Mimi mwenyewe nilibebanga maji ya kukandika."

Karatasi ilichorwa kanisa la zamani likiwa limesimama. Mimi nilichukua vipimo vya kanisa jipya. Na ramani nzima ilizunguka na kuteleza kwa umbali ulio kati ya makanisa mawili. Daraja lilikuwa sahihi. Ndilo pekee lililojaribu kuniambia, nami nikalifuta.

"Mama," nilisema, "nafikiri nimekosea. Rudi nyumbani ungoje. Tutarekebisha."

"Ningoje," alirudia. Hakuuliza wala hakukubali. Alivaa viatu vyake, akaenda.

Kesho yake mimi na Mzee Ingosi tulikwenda na mnyororo wa kupimia. Msingi wa kanisa la zamani tuliupata katikati ya mahindi, mawe manne ya kona na kipande cha ngazi. Kisha tukatafuta mpaka wenyewe. Mzee alitembea ameinamisha kichwa, akipiga magugu kwa fimbo, na baada ya muda fimbo ikalia ko. Nguzo ya saruji. Tulipata ya pili, na mtaro kati yao. Mpaka wa kweli ulipita chini kabisa, pale miti ilipoanzia. Hakuna nyumba hata moja iliyokuwa imeuvuka. Hakukuwa na uvamizi. Kulikuwa na mimi.

Mzee Ingosi hakusema "nilikuambia". Nilimsubiri aseme njia yote ya kurudi. Angesema, ningepumzika.

Daktari aliporudi, nilimweleza nikiwa nimesimama, naye kwa mara ya kwanza alikaa.

"Ripoti imeshakwenda," alisema.

"Najua."

"Unajua tukiandika kwamba tulikosea kimoja, watasema tumekosea vyote? Kuna watu wanangoja sababu ya kuukata huo msitu uliobaki. Tutakuwa tumewapa."

Hilo lilikuwa kweli, na bado ni kweli. Nililifikiria. "Daktari, kuna watu wameandikiwa barua wahame kwa sababu yangu."

Aliitazama ramani ukutani. Kisha akainuka, akaibandua, akaikunja taratibu kama anayekunja shati la mgeni. "Andika," alisema. "Nitatia sahihi. Lakini andika kosa lilivyotokea. Sitaki maneno ya kuzunguka."

Niliandika kurasa mbili. Nilieleza kanisa, daraja na sifuri. Barua ilikwenda kwa ofisi ile ya ardhi. Nikapiga simu, nikaambiwa mhusika yuko mkutanoni. Nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi mpaka nikajua majina ya watoto wa karani. Siku zilikwenda. Hatimaye jibu lilikuja, sentensi moja na muhuri: notisi zimeondolewa. Niliibeba siku hiyohiyo mpaka Malava, nikashuka, nikatembea kwenye njia ya miwa nikiwa karibu kukimbia.

Nyumba haikuwepo.

Mabati yalikuwa yamepangwa chini ya mti, yamefungwa kwa waya. Milango miwili imelazwa juu yake. Kuta za udongo zilisimama bila kichwa, na mvua ilikuwa imeanza kuzila. Mama Nafula alikuwa akiokota misumari kwenye majivu ya boriti alizochoma, anainyoosha kwa jiwe, anaitia kwenye kopo.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimebomoa. Wakija na tingatinga wanakanyaganga hata mabati. Sasa mabati ni mzima."

"Lakini nilikuambia ungoje."

"Wewe ulisema ngoja. Barua ilisema siku thelathini." Alinyoosha msumari mwingine. "Barua ilikuwa na muhuri. Wewe ulikuwa na mdomo tu."

Nilimpa karatasi. Akasema nisome. Nilisoma ile sentensi moja, nikamweleza maana yake.

"Kwa hivyo nyumba yangu haikuwa msituni."

"Haikuwa, mama."

"Na sasa haiko mahali popote," alisema, akarudi kwenye misumari yake.

Niliinama, nikaokota naye. Sikujua la kufanya jingine. Jirani zake, watu wa nyumba tano nyingine, walikuwa wamengoja. Yeye peke yake ndiye aliyebomoa, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na mwanaume wa kusimama mlangoni tinga likija. Alinieleza hivyo bila hasira. Jioni shemeji yake alituletea obusuma, yaani ugali, na mboga, tukala kwenye kuta zisizo na paa, na hakuna aliyenilaumu. Mpaka leo nadhani hilo ndilo lililonichosha kuliko yote.

Alipojenga tena, nilikwenda Jumamosi kukandika pamoja na akina mama wa kanisa lake. Nilikuta nguzo zimesimikwa juu kabisa, karibu na barabara, mbali na pale nyumba ya kwanza ilipokuwa.

"Mama, mpaka uko kule chini kabisa," nilimwambia. "Nimeuona kwa macho, una nguzo na mtaro. Hapa unaacha karibu nusu ya shamba lako."

"Hiyo laini ni yako," alisema, mikono yake imejaa udongo. "Leo iko kule. Kesho kanisa ikihama tena, itapanda. Mimi nimechagua yangu."

Nilimwambia haitapanda. Nilimwambia nimeirekebisha mwenyewe. Akanipa ndoo nikachote maji.

Nusu ile ya chini hakuilima tena.

Miaka ilikwenda, na mengine yako kwenye mafaili. Mradi uliisha, ukaja mwingine. Meza ya nyaya ilitolewa nje siku moja na watu wanne, ikakaa kwenye mvua chini ya dirisha langu, mpaka kuku wa mlinzi wakaanza kutagia chini yake. Daktari alihamia chuo kimoja na huniandikia Krismasi. Mzee Ingosi alikufa kwa mapafu. Nilimfundisha kila mwanagenzi aliyepita kwangu kuweka alama zaidi ya tatu, na kumsikiliza mtu anayesema jengo lilihama. Wengi waliona ni uzee.

Mwaka huu wa mwisho mlileta picha mpya za setilaiti, safi ajabu, mkazilinganisha na za miaka ya tisini. Karibu kila kipande kimepungua. Nilitarajia hivyo, na sikuumia kama nilivyodhani nitaumia. Mtu huchoka hata kuumia. Lakini kusini mwa Cha Saba mliona utepe wa kijani ambao zamani haukuwepo, mkashangilia. Mliandika "msitu unarejea". Mlinunua soda. Mlinipa na mimi, nikanywa, nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa na furaha na ofisi yetu haijawahi kuwa nayo nyingi.

Wiki iliyopita nilikwenda kule. Mama Nafula ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo, na alinitambua mara moja. "Ni yule wa laini," alimwambia mjukuu wake. Tulishuka pamoja mpaka kwenye utepe wenu. Ni mapera. Yamejaa mapera tangu juu mpaka kwenye mtaro, mbegu zilizoletwa na ndege na nyani kwenye ardhi ambayo mtu mmoja aliogopa kuilima. Kutoka juu ni kijani, na kompyuta imeridhika.

"Watu wa ofisi walipita hapa wakipima," aliniambia. "Walisema msitu imerudi, kwamba ni vizuri. Waliandika." Alisimama akapumzika. "Sasa wakiandika ni msitu, si itakuwa ya serikali?"

Nilifungua mdomo nimwambie haiwezekani, nikaufunga. Niliwahi kumwambia angoje.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachowaomba. Msiipeleke ramani ile ya "msitu unarejea" popote. Jumatatu nitakuja ofisini. Najua mmepanga chai ya kuniaga na hotuba; hotuba iacheni. Nitakuja na buti, na ninyi mvae za kwenu. Tutapanda hadi Malava, tutazitafuta zile nguzo mbili za saruji kwenye magugu, na mtatembea mpaka ule kwa miguu yenu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku Mama Nafula akiwaangalia. Kisha mtamwandikia karatasi inayosema ardhi ile ni ya nani. Na mtaipiga muhuri kabla hatujaondoka.